Deni la Jina

Sijui neno la Kiswahili lililobebeshwa mizigo mingi kama neno mdudu. Siafu ni mdudu, na nzi, na buibui, na jongoo, na kupe. Jino la mtoto likitoboka, limeliwa na mdudu. Miaka ile UKIMWI ulipoanza kutuzika, watu walinong'ona kwamba fulani ana mdudu. Neno hili linakusanya karibu kila kiumbe mdogo tusiyemtaka, halafu linakuja limeshikana mkono na neno la pili: dawa. Ukishasema mdudu, msikilizaji anangoja useme umempiga dawa gani.

Hapa Chimala, chini ya milima, maji yanapoteremka kuingia bonde la Usangu, maneno hayo mawili yanasikika kila siku ya msimu. Mpunga kwenye majaruba una mdudu. Mahindi ya upande wa mlimani yana mdudu. Dukani kwenye pembejeo mteja haulizwi ni mdudu gani. Anaulizwa anapiga bomba ngapi.

Nataka kuuliza swali ambalo huenda likaonekana ni la mtu aliyeshiba. Je, tunadaiwa jina sahihi na kiumbe tusiyemwona, tusiyempenda, ambaye tabia zake zikielezwa mezani watu wanaacha kula? Nasema kudaiwa kwa maana ile ile ya mtu kudaiwa na mwenye duka. Na kama deni lipo, nani alilipe?

Kiumbe mwenyewe ni nyigu. Usimfikirie yule wa darini, mwenye kiuno chembamba na hasira za karibu. Ninaowasema wana urefu wa milimita mbili au tatu, na wengine hawafiki hata nusu milimita. Hawana habari na binadamu. Ukimwona mmoja kwenye jani utadhani ni vumbi limeota miguu.

Jike hutafuta mwenyeji maalumu: huyu anataka yai la nondo, yule anataka kiwavi, mwingine anataka buu la nzi. Akimpata, humtoboa kwa mrija mwembamba wa kutagia na kuacha yai lake ndani. Yai huanguliwa, na mtoto wa nyigu huanza kula kutoka ndani kwenda nje. Kwa nyigu wengi wa aina hii anakula kwa mpangilio: damu na mafuta kwanza, viungo vya uhai mwisho, ili chakula kisioze kabla hakijaisha. Kiwavi anaendelea kutembea, anaendelea kutafuna jani, na huku analiwa. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako walimkusudia ndugu au jirani. Kwa kiwavi methali hiyo imepunguza mambo, maana kinachomla kimeshapita nguo na ngozi.

Tumezoea kumwita kimelea. Wengine huandika kidusia. Hayamtoshi. Kupe ni kimelea na chawa ni kimelea, lakini hao wananyonya tu, na wangependa mwenyeji wao aendelee kuishi. Nyigu huyu lazima mwenyeji afe ndipo yeye awe mtu mzima. Utotoni ni kimelea, mwisho wa utoto ni muuaji, na ukubwani anakunywa maji ya maua kama nyuki. Nitaendelea kumwita nyigu wa kimelea kwa sababu ndilo lililopo mkononi, ila msomaji ajue kwamba tumeanza kukopa tangu kwenye jina la jumla.

Kuhusu udogo wao, mifano miwili inatosha. Mdudu mfupi kuliko wote anayejulikana ni dume la nyigu aitwaye Dicopomorpha echmepterygis, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1997 kutoka Illinois, Marekani. Urefu wake ni milimita 0.139, hana macho, hana mbawa, na kazi yake yote ni kumpandisha jike. Wa pili ni Megaphragma mymaripenne, mwenye urefu wa kama milimita 0.2, mdogo kuliko viumbe wengine wenye seli moja tu. Huyu ana mbawa, anaruka, anatafuta mayai ya vithripi na kutaga humo. Mwaka 2012 mtafiti wa Urusi, Alexey Polilov, alionyesha kwamba mfumo wake wa fahamu una seli 7,400 hivi, na kwamba anapokamilika kuwa mkubwa karibu seli zote hizo hupoteza viini vyake ili zienee ndani ya kichwa kile. Nyuki wa asali ana seli zipatazo laki nane na zaidi. Na bado huyu anajua anachokitafuta na anakipata.

Mwaka 1860 Charles Darwin alimwandikia barua rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani. Alikuwa anahangaika na swali la uwepo wa Mungu mwema, na mfano uliomkwama kooni haukuwa tetemeko wala tauni. Ulikuwa nyigu hawa, wa familia iitwayo Ichneumonidae. Hakuweza kujishawishi kwamba Muumba mwenye huruma na uwezo wote angewaumba kwa makusudi wajilishe ndani ya miili ya viwavi walio hai.

Barua hiyo imetajwa mara nyingi, na kila ninapokutana nayo namhurumia aliyeiandika. Ila nadhani swali lake linamkosa nyigu. Neno ukatili linahitaji mtu ambaye angeweza kutenda vingine, akakataa. Nyigu hana mlango wa pili. Hakuna nyigu wa familia hiyo aliyewahi kukaa juu ya jani akapima kama ale kiwavi au ale ugali. Tukimwita katili tunamwingiza katika kesi yetu wenyewe na Mungu, tena kama kielelezo, bila hata kumuuliza anatoka ukoo gani.

Siku hizi kosa limegeuka upande wa pili. Fungua kitabu chochote cha kilimo asilia utakuta nyigu wa kimelea anaitwa rafiki wa mkulima. Jina zuri, lenye nia njema, na uongo ni ule ule. Nyigu hana urafiki na mtu. Wako wanaowaua wadudu wanaotula chakula, na wako wanaotaga ndani ya wale wanaotusaidia. Wako hata wanaotaga ndani ya nyigu wengine wa kimelea, yaani mla-kwa-ndani analiwa kwa ndani. Katili na rafiki ni majina ya hisia zetu. Nyigu mwenyewe bado hajatajwa.

Kumtaja kwa jina lake ni kazi ngumu, na historia ya Afrika Mashariki inayo kesi inayoonyesha bei ya kuikwepa. Miaka ya 1920, mashamba ya kahawa ya nyanda za juu za Kenya yalivamiwa na mdudu mdogo mweupe, anayeonekana kama amemwagiwa unga. Wataalamu wa Kiswahili humwita kidung'ata. Alionekana kwanza maeneo ya Thika, akasambaa, akaingia hadi kwenye mazao ya chakula ya Wakikuyu. Waliompima walimpa jina la kidung'ata aliyekuwa akijulikana tayari sehemu nyingine za dunia. Kwa kuwa jina lilielekeza nje, maadui zake nao walitafutwa nje. Wakaletwa kutoka mbali, wakaachiwa, wakashindwa. Mashamba yakaendelea kukauka.

Mwaka 1935 R. H. Le Pelley alimwangalia upya na kusema: huyu siye. Alikuwa spishi ambayo haijawahi kuandikwa, akampa jina la kenyae. Jina likamkosea kidogo kuhusu kwao, maana ilikuja kuonekana kwamba ametoka hapo jirani tu, Uganda. Ndipo maadui zake wakatafutwa kwao, na mwaka 1938 nyigu wa jenasi Anagyrus wakaletwa Kenya kutoka Uganda. Hawakuzidi milimita mbili. Kidung'ata akarudi chini, na kwa miaka mingi akawa habari ya vitabuni. Jibu lilikuwa safari ya siku chache kwa gari, lakini karatasi yenye jina lisilo sahihi ilikuwa imewapeleka watu ng'ambo ya bahari.

Miaka arobaini baadaye kisa kilijirudia kwenye mihogo, na safari hii kilikuwa kikubwa zaidi. Kidung'ata mwingine aliingia bonde la Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alipewa jina la kisayansi, Phenacoccus manihoti, mwaka 1977, na akaendelea kutembea nchi kwa nchi akikausha shina la chakula cha watu wengi kuliko wanavyohesabika. Mhogo ulitoka Amerika ya Kusini, kwa hiyo na mdudu wake lazima ametoka huko. Watafutaji walianzia kaskazini mwa bara hilo, wakampata kidung'ata kwenye mihogo, wakakusanya nyigu wake. Nyigu hao hawakumfaa wa Afrika hata kidogo. Walipochunguza vizuri waligundua kwamba ni spishi nyingine, inayofanana na ya kwetu kwa macho, ila hiyo ina madume na ya kwetu ni majike matupu. Ikapewa jina la herreni, kwa heshima ya Hans Herren, Mswisi aliyeongoza kazi hiyo kutoka taasisi ya IITA, Ibadan. Mdudu ambaye siye ndiye akabaki na jina la mtafutaji.

Yule mwenyewe alipatikana Paraguay mwaka 1981, na ndani yake alikuwemo nyigu anayeitwa lopezi. Alipitishwa karantini Uingereza, akaachiwa Nigeria mwaka huo huo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amefika Tanzania. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati huo akiwa mkurugenzi wa ICIPE, Nairobi. Nyigu hakupewa kitu, na hata jenasi yake imebadilishwa mara kadhaa tangu hapo. Ukila mhogo wa kuchemsha na chai asubuhi, umekula pia matokeo ya mtu aliyekaa na darubini akahesabu vinyweleo vya kidung'ata hadi akasema: huyu siye.

Kesi ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba hata jicho la mtaalamu halitoshi. Ndani ya mabua ya mahindi na mtama kuna funza, watoto wa nondo, wanaokula ule uti laini wa katikati. Nyigu wa asili wa Afrika anayewashambulia anaitwa Cotesia sesamiae. Kenya walimkuta magharibi, upande wa Kitale, na walimkuta pwani, Mombasa. Ukiwaweka pamoja wanafanana, jina lao moja. Lakini wa bara akitaga ndani ya funza aitwaye Busseola fusca, watoto wake wanakua. Wa pwani akitaga humo, seli za damu za funza huyazingira mayai na kuyaua.

Tofauti inaelekea kwenye kitu kidogo zaidi ya nyigu. Jike la Cotesia anapotaga, huingiza pamoja na yai virusi vinavyoishusha kinga ya funza. Virusi hivyo havikuokotwa njiani: maelekezo ya kuvitengeneza yamo ndani ya vinasaba vya nyigu mwenyewe, na vimerithishwa kutoka mama kwenda mtoto kwa mamilioni ya miaka. Sasa niambie, nyigu anaishia wapi hapo na virusi vinaanzia wapi? Na hao wa bara na wa pwani, ni mmoja au wawili? Mwaka 2017 watafiti walilitenga kundi moja lililokuwa limefichwa ndani ya jina la sesamiae, wakalipa jina lake, Cotesia typhae. Kila jina likifunguliwa, ndani yake anatoka mwingine.

Nafundisha fasihi, si elimu ya wadudu, na huenda ndiyo sababu kazi hii inanivuta. Naiona ni usomaji. Anayesoma shairi kwa haraka atasema hili ni la mapenzi, akafunga kitabu. Anayesoma polepole ataona kwamba beti mbili zinazofanana zimetofautiana silabi moja, na maana imegeuzwa na silabi hiyo.

Sasa nimlete shangazi yangu, kwa sababu bila yeye insha hii ingeishia kwenye sifa za darubini.

Ana ekari moja na nusu ya mahindi juu kidogo ya barabara kuu. Msimu mmoja kiwavijeshi vamizi, yule aliyeingia Tanzania mwaka 2017, alikuwa ameshika mioyo ya mahindi yake, na mabua mengine yalikuwa na funza. Tulipasua bua moja. Ndani ya tundu alikuwemo funza amelegea, na pembeni yake rundo la vitu vyeupe kama punje za mchele zilizozungushiwa pamba.

"Ona," akasema, "limeshataga humu humu." Akanyoosha kidole gumba ayasage.

"Shangazi, hilo halitagi. Funza ni mtoto, hana mayai. Hivyo ni vifukofuko vya nyigu. Wamemla huyu, wametoka, wanasubiri kuota mbawa."

Alivitazama muda mrefu. "Nyigu? Huyu?" Akacheka. "Huyu anaitwaje kwa jina lake?"

Nikamwambia jina la Kilatini, ambalo hata mdomoni mwangu lilisikika kama la dawa ya hospitali.

"Hilo la kwenu. Nauliza mimi nimwiteje nikimwona."

Sikuwa na la kumpa. Akaendelea, bila ukali: "Basi kama hana jina, mimi nitamjuaje katika hawa wote? Na haya, tuseme nimemjua. Huyo nyigu wako anajua kwamba marejesho ya kikundi ni Ijumaa?"

Alikuwa amekopa kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa ili anunue mbolea. Wanachama wenzake walikuwa wamemdhamini kwa majina yao. Alhamisi alipiga dawa, na maji ya kuchanganyia nilimbebea mimi. Siwezi kusimama kwenye shamba la mtu mwenye deni nikamwomba awe na subira kwa niaba ya kiumbe wa milimita tatu. Nyigu wa kimelea hawafanyi kazi kwa kalenda ya mikopo. Ili waongezeke lazima kwanza wadudu wawepo, maana yake lazima mahindi yaliwe kidogo, na hayo yanayoliwa kidogo yana mwenyewe. Wanaotusifia uvumilivu wa asili mara nyingi hawasemi nani anagharamia uvumilivu huo.

Lakini swali lake la kwanza halikuwa la fedha. Nimjuaje kama hana jina? Kidole gumba kile hakikuwa na ubaya wowote. Kiliongozwa na lugha. Mwenye neno moja kwa viumbe elfu atawatendea elfu kama mmoja, awe mwema kiasi gani. Wakati mwingine tunazungumzia uharibifu wa mazingira kana kwamba ni tamaa tu, kana kwamba watu wakiwa na moyo safi mambo yatanyooka. Shangazi ana moyo safi. Kilichokosekana ni neno, na neno si kitu mtu mmoja anaweza kujitengenezea peke yake shambani asubuhi moja.

Hapa ndipo ninapoona deni linamwangukia nani. Ukitoka Chimala kupanda Matamba unapita ile barabara ya kona 57, ambayo watu wameigeuza hesabu kuwa jina: Hamsini na Saba. Juu kabisa unafika Kitulo, ambako maua yalipewa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na watu wanaiita Bustani ya Mungu. Katika misitu ya upande huo, na kwenye Mlima Rungwe, anaishi nyani mdogo mwenye manyoya marefu ya kahawia. Sayansi ilimwona mwaka 2003, ikamtangaza mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikampa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Lakini wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua zamani kwa jina la kipunji, na jina hilo ndilo sayansi ililoliazima: Rungwecebus kipunji. Hapo deni lililipwa nusu kwa nusu. Wenyeji walikuwa na neno, wageni wakawa na vipimo, na mnyama akapata ulinzi kwa sababu anaweza kutajwa mahakamani na sokoni.

Nyigu hana mwindaji wa kumpa jina la kwanza. Haliwi, hauzwi, hachomi, haonekani. Kundi moja tu kati ya makundi yao, Chalcidoidea, lina spishi zaidi ya 20,000 zenye majina, na wataalamu wanakisia kwamba zisizo na majina ni mara nyingi zaidi ya hizo. Vielelezo vya mwanzo vya nyigu wengi wa Afrika, yaani yule mdudu halisi aliyechomwa pini ili jina lishikamane naye, vimehifadhiwa London, Ubelgiji na miji mingine ya mbali. Mwanafunzi wa hapa akitaka kujua kama nyigu aliyemshika Usangu ni yule aliyeandikwa au ni mwingine, swali lake linahitaji viza.

Kwa hiyo deni silitupi kwa shangazi. Nalitupa kwetu tunaolipwa kwa kazi ya maneno: walimu, waandishi, watunga kamusi, vyuo, vituo vya utafiti, serikali inayopanga bajeti zao. Mtu mmoja anayeweza kutenganisha Cotesia na Cotesia, akilipwa mshahara na akapewa kabati la vielelezo hapa hapa Nyanda za Juu Kusini, si anasa. Na mtu wa pili, akae karibu na huyo wa kwanza, awape majina ya Kiswahili yanayoweza kutamkwa juu ya jembe. Kiswahili kimeweza kutaja sehemu za jahazi na za mnazi kwa undani unaowashangaza wageni, kwa sababu watu wa pwani walizihitaji. Na sisi wa mahindi na mpunga tunahitaji.

Kuna mtu ataniuliza: na wale nyigu wasio na faida? Maana mifano yako yote ni ya kahawa, mihogo na mahindi. Huyo asiyegusa zao lolote, anayekula mayai ya mdudu mwingine asiyegusa zao lolote, naye tunamdaiwa?

Jibu la haraka ni kwamba hatuwezi kujua mapema. Kabla ya 1981 nyigu wa Paraguay alikuwa hana faida kwa mtu yeyote wa Afrika. Ila jibu hilo sitaki kujificha nyuma yake, kwa kuwa linamrudisha kila kiumbe kwenye foleni ya kutusubiri tumhitaji. Ninaloamini ni dogo zaidi na gumu zaidi kulitetea. Kusema juu ya kiumbe jambo lisilo kweli ni kosa hata kama yeye hataumia na mimi sitapata hasara, kwa sababu ile ile inayofanya ushahidi wa uongo uwe uongo hata pale mshtakiwa hayupo kizimbani. Mdudu, katili, rafiki: yote matatu ni ushahidi tuliotoa bila kuangalia. Nyigu hataujua. Sisi ndio tutakaozoea.

Na uzoefu huo hauishii kwa wadudu. Mtu aliyezoea kuona rundo mahali palipo na viumbe wengi atalikuta rundo jingine kwa urahisi: wale wa bondeni, wale wafugaji, wale waliokuja juzi. Usangu imewahi kugombana kwa maneno ya namna hiyo, watu wakahamishwa pamoja na ng'ombe wao. Sisemi nyigu na mtu wana thamani moja. Nasema jicho linalowatazama ni moja, na likivivu kwa mmoja halipati bidii ghafla kwa mwingine.

Kuhusu shangazi, mavuno yake hayakuthibitisha upande wowote, na singependa yatumike hivyo. Marejesho alilipa. Bado hana neno, na mimi bado sijampa. Amejitungia la kwake kwa muda: anawaita wa pamba. Wataalamu watasema jina hilo ni la vifukofuko, si la nyigu, na kwamba linachanganya spishi kadhaa. Ni kweli. Lakini yeye na jirani zake wawili sasa wakipasua bua wanaangalia kwanza kama wa pamba wamo, kabla kidole gumba hakijashuka.